Mchomoko wa Mwisho Hutafutwa Raundi ya Kati

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, ukikaribia, viwanja vya shule kuanzia Tunduma na Vwawa hadi Mbozi Mission hujaa vijana wanaotaka kukimbia mita 1500. Mwanzo wao karibu wote unafanana. Filimbi ikilia, kundi zima linafyatuka kana kwamba mbio ni za mita 100. Vumbi linapanda, watazamaji wanapiga vigelegele, aliye mbele anaitwa kwa jina. Kufika mita 400 mabega yake yamepanda hadi masikioni, mdomo uko wazi, na wenzake wameanza kumpita mmoja mmoja. Kijana huyo ana mbio, tena huenda anazo kuliko wote. Amezitumia tu mahali ambapo hakuna anayegawa medali.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekimbia mita 1500, 3000 au 5000, na ni wa mwalimu wako wa michezo anayesimama pembeni na saa mkononi. Unahusu namna ya kugawa nguvu zako ili kengele ya raundi ya mwisho ikilia uwe na kitu cha kuchomokea.

Anza na uwanja, maana hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Shule nyingi huhesabu mzunguko wa uwanja wa mpira kuwa mita 400. Sivyo. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukiufuata kwenye mistari ya chokaa, una mzunguko wa mita 346. Wa mita 100 kwa 64 una mita 328. Ukizunguka mara tatu na robo tatu kwenye ule mkubwa ukidhani umemaliza 1500, umekimbia kama mita 1300. Umekosa mita 200, na hizo mita 200 ndizo za mwisho. Yaani umefanya mazoezi miezi mitatu bila kuigusa hata siku moja ile sehemu inayoamua mshindi, halafu siku ya mashindano ya wilaya miguu inakutana nayo kwa mara ya kwanza.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta kamba ya mita 50 isiyonyumbuka na ifungwe fundo kila baada ya mita 10. Kama eneo linatosha, pima sehemu mbili zilizonyooka za mita 85 kila moja, kisha kila mwisho zungusha nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita 36.6, hapo una mita 400 kamili. Eneo likiwa dogo, fanya mita 40 zilizonyooka kila upande na nusu kipenyo cha mita 19.1. Utapata mzunguko wa mita 200 unaoenea vizuri ndani ya uwanja wa mpira, na raundi saba na nusu zake ni mita 1500. Kona zake ni kali, kwa hiyo muda utapungua ubora kidogo, lakini umbali utakuwa wa kweli. Chomeka vigingi kila baada ya mita 100. Vigingi hivyo ndivyo vitakavyokufundisha mwendo kuliko maneno ya mtu yeyote.

Sasa hesabu. Tuseme wewe ni msichana unayelenga dakika 5 kwa mita 1500. Hiyo ni sekunde 20 kwa kila mita 100, na hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo. Mwalimu apulize filimbi kila sekunde 20, na kila filimbi ikukute kwenye kigingi. Ikikukuta umeshakipita, umeharakisha. Ikikukuta hujakifikia, umelegea. Siku za kwanza utakuwa umekipita kigingi cha kwanza kwa hatua nyingi na kushindwa kukifikia cha saba. Baada ya majuma machache mwili unaanza kuijua sekunde 20 bila kuambiwa. Kwa mvulana anayelenga 4:20, kila mita 100 ni sekunde 17 na theluthi moja. Kwenye uwanja wa mita 400, mbio za 1500 huanza na mita 300 kisha raundi tatu kamili, kwa hiyo panga hivi: mita 300 za kwanza kwa sekunde 51, raundi inayofuata kwa 70, ya kati kwa 71, ya mwisho kwa 68. Jumla ni sekunde 260, ambazo ndizo hizo 4:20. Angalia jinsi namba hizo zilivyo karibu karibu. Raundi ya haraka zaidi na ya polepole zaidi zinatofautiana sekunde tatu tu.

Kuna watakaokuambia kwamba mabingwa hawaendi hivyo, na watakutajia Filbert Bayi. Basi tumtazame Bayi mwenyewe, maana anastahili kutazamwa kwa makini na kila Mtanzania anayevaa raba.

Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, nchi ya juu na ya baridi kama Mbozi. Tarehe 2 Februari 1974, akiwa na miaka 20, aliongoza fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, na hakumwachia mtu nafasi hiyo hadi mwisho. Muda wake ulikuwa 3:32.16, rekodi ya dunia, akiifuta ile ya Mmarekani Jim Ryun iliyosimama tangu 1967. John Walker wa New Zealand, aliyekuja wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Wanaosimulia mbio zile husema Bayi alifyatuka tu tangu filimbi. Lakini zisome saa zake: mita 400 za kwanza sekunde 54.9, mita 800 kwa 1:52.2, mita 1200 kwa 2:50.8. Toa moja kwa nyingine utaona mita 400 za pili alizikimbia kwa 57.3, za tatu kwa 58.6, na mita 300 za mwisho kwa sekunde 41 na kidogo, mwendo ambao ungempa kama sekunde 55 kwa raundi nzima.

Wastani wake siku ile ulikuwa kama sekunde 56.6 kwa mita 400. Maana yake ni kwamba mkimbiaji anayesifika duniani kwa kuanza kwa kasi alizidi wastani wake kwa sekunde zisizofika mbili. Kijana anayelenga 4:20 ana wastani wa sekunde 69. Akipita mita 400 kwa sekunde 60, amezidi kwa tisa. Hamuigi Bayi huyo. Anafanya jambo ambalo Bayi hakulifanya hata siku aliyoishangaza dunia.

Na tazama alichokifanya katikati. Alipungua, ndiyo, lakini kwa sekunde moja na ushee, kisha Walker alipoanza kumsogelea, akapanda tena. Aliweza kupanda kwa sababu hakuwa ameanguka. Hapo ndipo ninaposema mchomoko wa mwisho hutafutwa raundi ya kati. Raundi ya kwanza kila mtu anaiweza, miguu bado mipya. Ya mwisho kengele inamvuta hata aliyechoka. Ya kati haina mshangiliaji, haina mwisho unaoonekana, mapafu yanadai na akili inaanza kutafuta sababu za kulegea. Wengi hupoteza hapo sekunde nne au tano bila kujua, halafu hukimbia raundi ya mwisho kama wendawazimu kujaribu kuzirudisha. Haziwezi kurudi zote.

Dereva wa lori lenye mzigo anayepanda mlima kuelekea Tunduma hangoji injini ikorome ndipo abadilishe gia. Anabadilisha mapema, mwendo ungali upo. Nawe ukikaribia mita 700, kabla hujahisi umelegea, ongeza juhudi. Juhudi ikiongezeka, kasi itabaki palepale. Ukiiacha juhudi ibaki palepale, kasi itashuka. Shika mgongo wa mtu aliye mbele yako, tazama kati ya mabega yake, usitazame visigino. Kama uko peke yako, kiweke kigingi kinachofuata machoni, ukikifikia utafute kingine.

Zoezi la kujenga raundi hiyo halihitaji vifaa. Kimbia mita 600 kwa mwendo wako wa mashindano, na bila kusimama kimbia mita 400 nyingine ukipunguza sekunde moja au mbili, kisha tembea mpaka pumzi itulie kabisa. Rudia mara mbili, ukiwa na uzoefu mara tatu. Mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine kimbia taratibu kwenye barabara za vumbi kati ya mashamba ya kahawa, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima. Hizo mbio za taratibu ndizo zinazojenga pumzi. Bila hizo, mazoezi makali yanakukausha tu.

Ukikimbia huku nyumbani Mbozi, kumbuka uko zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, na kosa la mwanzo, la kuharakisha mno au la kubaki nyuma mno, linaadhibiwa vikali kuliko pwani. Mfano mkubwa ni Mexico City mwaka 1968, mita 2,240 juu ya bahari. Ryun alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, na mchomoko wake ulikuwa wa kutisha. Wakenya walilijua hilo. Ben Jipcho akavuta raundi ya kwanza kwa kama sekunde 56, kisha Kipchoge Keino akachukua uongozi na kuendelea. Ryun alisubiri nyuma akitegemea mita za mwisho, na alipoanza kuchomoka, pengo lilikuwa kubwa mno. Keino alishinda kwa 3:34.91, karibu sekunde tatu mbele yake. Mchomoko mzuri kuliko wote hauna faida kama umeanza kutoka mbali, na kwenye hewa nyepesi hiyo mbali inakuja haraka.

Ukishuka kwa mashindano ya taifa, mambo yanageuka. Mahali kama Mtwara, yalikowahi kufanyika, hewa ni nzito na pumzi inatosha, kwa hiyo mita 1500 utaiona nyepesi kidogo. Joto ndilo adui, hasa kwenye 3000 na 5000. Fika mapema kadiri inavyowezekana, kunywa maji tangu asubuhi, pasha mwili moto kivulini, na raundi mbili za kwanza zikimbie polepole kidogo kuliko moyo unavyotaka.

Jambo lingine linalokula nguvu kimyakimya ni kukimbia kwa nje. Njia moja ya uwanja ina upana wa mita 1.22. Ukizunguka raundi nzima kwenye njia ya pili umeongeza mita 7 au zaidi. Kwenye 1500, raundi tatu za hivyo ni zaidi ya mita 20. Umempa mpinzani wako mita 20 bure. Kwa hiyo kwenye kona kaa ndani. Lakini usijifungie: ukiwa ndani na mtu ubavuni na mwingine mbele, umezibwa, na kengele ikilia utawaona wenzako wakiondoka wewe ukiwa huna pa kutokea. Mahali pazuri ni nyuma kidogo ya bega la kulia la anayeongoza, hasa ukiingia sehemu iliyonyooka. Pita watu kwenye sehemu zilizonyooka. Ukiamua kumpita mtu, mpite kwa nguvu mara moja, umwache hatua mbili tatu. Ukimpita kwa kujiburuza ubavuni mwake, atakushikilia mpaka kona ifike nawe uko nje.

Na kundi likienda polepole, usilale nyuma. Fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani aliishinda kwa 3:50.00, muda ambao vijana wengi wa sekondari nchini Kenya hawauogopi. Alikaa mbele, akashika ndani, akaruhusu mbio ziwe za polepole, kisha raundi ya mwisho akaikimbia chini ya sekunde 51. Walio nyuma walikuwa na kasi pia, lakini walilazimika kumzunguka. Mbio za polepole humfaa aliye mbele, na mbio za haraka humfaa aliyejificha mgongoni mwa mwenzake. Lijue hilo kabla ya filimbi.

Sasa mchomoko wenyewe. Uamuzi wa mahali pa kuchomokea usiufanye uwanjani, ufanye mazoezini. Kimbia mita 1000 kwa mwendo wa mashindano, pumzika dakika moja tu, kisha kimbia mita 300 kwa nguvu zote, mwalimu akipima kila mita 100. Kama 100 ya mwisho imeporomoka sana kuliko ya kwanza, mita 300 ni mbali kwako. Wiki inayofuata jaribu 200, kisha 150. Utapata umbali ambao unaweza kuushika bila kuporomoka, na huo ndio wako. Mwenye mbio fupi kali, yule anayeshinda hata mita 200 shuleni, asubiri mpaka kutoka kona ya mwisho. Asiye na mbio fupi lazima aondoke mapema, mita 400 au 500 kabla, ili wenye mbio fupi wafike mwisho wakiwa wamekwisha. Kumsubirisha mtu wa aina hii hadi mita 100 za mwisho ni kumpeleka kushindwa, na nimeona walimu wengi wakilifanya hilo kwa nia njema.

Moscow mwaka 1980 Watanzania wawili walileta medali za fedha, na kila mmoja alikuwa upande wake wa jambo hili. Bayi, akikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji, alifungua pengo kubwa, lakini Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia raundi ya mwisho na kushinda kwa 8:09.70, Bayi akimaliza kwa 8:12.48. Kwenye mita 5000, Suleiman Nyambui alikuwa ndani ya kundi mpaka raundi ya mwisho, na Miruts Yifter wa Ethiopia akaondoka ghafla kwa mchomoko wake mkali. Nyambui alimfuata: 13:20.91 kwa 13:21.60. Tofauti haifiki sekunde 0.7 baada ya raundi kumi na mbili na nusu. Ukiwa na mpinzani mwenye mchomoko wa ghafla, kazi yako ni kuwa mgongoni mwake kabla hajaondoka. Akishaondoka, kila mita moja ya pengo inakugharimu mara mbili.

Mwili unapochomoka, kichwa kinataka kurudi nyuma na hatua zinataka kuwa ndefu. Vikatae vyote viwili. Hatua ndefu za mtu aliyechoka humfunga breki kila mguu unapogusa chini. Harakisha mikono kwanza, viwiko virudi nyuma sawasawa, na miguu itafuata. Shusha mabega, legeza taya na vidole. Mwalimu anaweza kukushikisha jani la mhindi kila mkono wakati wa zoezi la mita 150: ukimaliza yakiwa yamevunjika, ulikuwa umekaza ngumi, na nguvu hiyo ilitakiwa kuwa miguuni.

Usigeuke nyuma. Usinyanyue mikono kabla ya mstari. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida aliingia uwanjani Tokyo baada ya kilomita 42, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, akiwa na Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Simbu alimpita kwenye hatua za mwisho kabisa, akashinda kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo. Aliyemaliza wa tatu, Iliass Aouani wa Italia, alikuwa sekunde tano nyuma. Kila ukifanya mazoezi ya kuchomoka, weka kigingi mita 5 baada ya mstari na ukimbilie hicho kigingi. Mstari upite ukiwa bado unaongeza kasi, kifua kikiwa kimesogea mbele.

Ugawaji wa nguvu hubadilika kulingana na umbali. Mita 800 zina sheria yake: raundi ya kwanza huwa ya haraka kidogo kuliko ya pili. David Rudisha alipoweka rekodi ya 1:40.91 London mwaka 2012, alikimbia 49.28 kisha 51.63. Kwenye 5000 na 10,000 ni kinyume, huko usawa wa raundi ndio mfalme. Joshua Cheptegei wa Uganda alipokimbia mita 10,000 kwa 26:11.00 huko Valencia mwaka 2020, kila raundi ilikuwa karibu sana na sekunde 62.8, raundi ishirini na tano mfululizo. Kwa 3000 ya shule, gawanya raundi saba na nusu mafungu matatu: mbili na nusu za kujizuia, tatu za kufanya kazi, mbili za kupigana.

Siku ya mashindano, mwombe mwalimu au mwenzako asimame kwenye mstari na akutajie muda kwa sauti kila unapopita. Namba tupu, bila "kaza" wala "ongeza". Ukimaliza na pumzi ikitulia, andika daftarini muda wa mita 300 za kwanza na wa kila raundi. Kama raundi ya mwisho imeishinda ya kati kwa zaidi ya sekunde tano, ulijibania katikati na wiki ijayo zoezi lako ni lile la 600 na 400. Kama ya mwisho ndiyo ya polepole kuliko zote, rudi kwenye filimbi na vigingi, na umwambie mwalimu apulize kwa ukali zaidi kwenye kigingi cha kwanza.